Nafasi Mbili Mwanzoni mwa Mstari

Valerian wa mtaa wa Rasbura aliandika programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni moja ya Dar es Salaam, akifanyia kazi nyumbani kwake Lindi. Presha ya macho ilipomtia upofu, watu walikuja kumpa pole kama waliofika msibani. Yeye aliweka kwenye kompyuta programu inayosoma maandishi kwa sauti, akaendelea na kazi.

Shida ilianza pale kampuni ilipohamishia mifumo yake kwenye kontena. Si zile za bandarini; ni namna ya kufunga programu pamoja na kila inachohitaji, ili iende kwenye kompyuta yoyote. Ili kuiendesha, mtu huandika kiolezo, yaani faili la maelekezo: endesha hiki, weka nakala kadhaa, pitia mlango huu. Ndani ya faili hilo hata nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ina maana. Mstari ukiingia ndani, unakuwa chini ya ule uliotangulia. Ukikosea nafasi, umeharibu kazi.

Na ile sauti ya kompyuta ilizimeza nafasi zote.

Masomo aliyoyapata mtandaoni yalikuwa ya video. "Panga hivi kama unavyoona," walimu walisema. Kila kiolezo alichoandika kilikataliwa na mfumo.

Asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, mkewe Bertha, fundi cherehani, alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Nisomee wewe," Valerian alimwomba.

"Kiingereza hiki maana yake siijui."

"Maana niachie mimi. Wewe niambie kila mstari umeanzia wapi."

Akawa anasoma. "Huu una nafasi mbili, halafu neno. Huu umeingia ndani zaidi." Nguo za watu zilimsubiri, naye hakunyanyuka mpaka somo liishe.

Katika kutafutatafuta, Bertha akakutana na masomo ya Kainat, binti wa wenye duka la vyombo Kilwa Masoko, aliyefundisha kazi hiyohiyo kwa Kiswahili. Nayo yalikuwa ya video. Valerian akamwandikia kumweleza hali yake. Jibu lilikuja kwa sauti.

"Shikamoo, kaka Valerian. Nisamehe, sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu ananisikiliza tu. Nivumilie kidogo."

Alirudi na somo la kwanza lililoandikwa upya, nafasi za kila mstari zikitajwa kwa maneno. Tena alikuwa amechunguza ile programu ya kusoma, akagundua kuwa inaweza kutaja nafasi, ila uwezo huo ulikuwa umezimwa. Alimpigia simu, akamwelekeza kitufe kwa kitufe.

"Nafasi mbili," ikasema kompyuta.

"Bertha! Inazitaja! Njoo usikie!"

Bertha akaja na futi yake shingoni, wakasikiliza pamoja wakicheka.

Kiolezo kilipokubaliwa, Valerian aliutafuta mkono wa mkewe akaushika. "Mungu akulipe. Umenivusha."

"Mimi nilisoma tu."

"Hapo hapo ndipo nilipokuwa nimekwama, mama."

Siku hizi Kainat hatoi somo kabla Valerian hajalisikiliza. Juzi mtu mwingine asiyeona, wa Mtwara, aliuliza aanzie wapi. Valerian alimtumia somo la kwanza pamoja na namba yake mwenyewe ya simu, akamwambia apige wakati wowote.