Chai ya Siku ya Tano ya Mfungo

Lenah Chepkemoi alianza kumwogopa Mungu mwaka aliomzika mtoto wake wa kwanza. Siku moja ya mfungo, akiwa ananyonyesha, njaa ilimshinda akala viazi viwili. Wiki iliyofuata mtoto akashikwa na nimonia, akafa. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia, "Mungu aliona."

Aliishi na maneno hayo miaka thelathini. Huko karibu na Merigi, alikolima majani chai, hakuna aliyefunga kama yeye. Kitambaa chake cheupe cha kanisani hakikuwa na doa. Akipitiwa na usingizi kabla ya kusali, aliamka akaenda kuwagusa watoto wake kuona kama bado wanapumua.

Mwaka jana kanisa lao lilifunga siku saba. Akina mama, Lenah akiwa kiongozi wao, walishinda kanisani kwa maji tu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya jioni. Siku ya tano, saa nane mchana, jirani wa Lenah, Quinter, alisimama mlangoni akihema, akamwita. Mumewe, Ouko, alikuwa mgonjwa wa kisukari.

"Mama Kiptum, nisaidie. Sukari ya Ouko imeshuka. Ananipiga, hataki kunywa kitu."

Mzee Bethwel, aliyeongoza maombi, alimtikisia Lenah kichwa. "Ukitoka, mfungo umeanguka. Si wako tu, ni wetu wote."

Lenah alimfikiria Kiptum, mwanawe, ambaye siku hiyo alikuwa barabarani na lori. Hata hivyo aliinuka, akatoka.

Walimkuta Ouko ameegemea ukuta, jasho likimtiririka, hatambui mtu. Quinter alimsogezea chai yenye sukari nyingi. Ouko akabana meno.

"Mmetia sumu," akamwambia Lenah. "Onja wewe kwanza."

Lenah alipokea kikombe. "Mungu, usimchukue Kiptum," alisema kimoyomoyo, akameza. Ouko alimtazama mdomo, kisha akapokea. Wakaenda hivyo, yeye funda, Ouko funda, mpaka kikombe kikaisha. Baada ya robo saa Ouko aliuliza, kwa sauti yake ya kila siku, kwa nini Mama Kiptum analia.

Lenah akiwa njiani kurudi, mvua ya mawe ilianza. Majani chai yalichanika mbele ya macho yake. Adhabu ndiyo hii sasa, aliwaza. Alimpigia Kiptum mara tano, simu haikupatikana. Akapiga magoti kwenye matope, lakini maneno ya kuomba msamaha hayakuja.

"Alikuwa anakufa," alimwambia Mungu. "Ulitaka nimwache?"

Kiptum alipiga jioni. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Mawe yale yaliharibu chai ya kijiji kizima, hata ya Mzee Bethwel. Kanisa lilimwondoa Lenah kwenye uongozi wa akina mama. Bado hufunga, na kuna siku bado huogopa. Lakini kila Jumatano hupita kwa Ouko kumjulia hali.

Mwezi uliopita Priscah, mke wa Bethwel, alimfuata shambani wakati wa kuchuma.

"Siku ile ulipokunywa, ulisikia nini?"

"Hofu," alisema Lenah. "Nilidhani Mungu atamchukua Kiptum. Lakini ningefanya vile tena."

Priscah alichuma mpaka mwisho wa mstari. "Mimi pia huogopa," alisema. "Sijawahi kumwambia mtu."

Lenah alimshika mkono, wakasimama hapo katikati ya chai.