Mwaka Ambao Hatukulima

Cha kwanza kunishangaza kilikuwa sukari. Nilikuwa na kibanda cha chakula Mwakitolyo, jirani na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na mdogo wangu alikuwa akishuka humo na wenzake. Mchana anakuja kula kwangu. Alikuwa mtu wa ugali mkubwa na dagaa, akimaliza anaomba na ukoko. Mara akawa hagusi ugali. Anataka chai, sukari vijiko hadi naona aibu mbele ya wateja, na pipi zimejaa mfukoni. Anajikuna pua, anasinzia ameshika kikombe, na chai haimwagiki. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nyumbani wanasema ningefaa kuwa askari. Nikamuuliza, "Wewe, una minyoo?" Akacheka. "Joto la chini hilo, dada."

Kisha tukapata msiba, akaja nyumbani, akaugua. Miayo haikatiki, machozi na makamasi yanamtoka, vipele vya baridi vimemsimama kwenye jua la saa saba, miguu inarusha mateke yenyewe. Kwetu Usukumani jambo hilo halikuhitaji majadiliano. Kijana amepata dhahabu, amesahau kwao, mizimu inamwita. Baba akachagua kuku, mdogo wangu akamtemea mate mdomoni ili abebe habari zake, tukampeleka kwa nfumu, mganga wetu wa jadi. Nfumu akampasua yule kuku, akamsoma ndani, akasema babu mzaa baba anadai mbuzi.

Mbuzi akachinjwa. Mgonjwa akalazwa kwa nfumu, na aliporudi alikuwa amevaa kipande cha ngozi ya mbuzi mkononi na anakula kama zamani. Baba alifurahi mpaka akaimba akikamua ng'ombe. Nami nilifurahi, ila moyo uliniwasha. Nikamfuata mke wa nfumu, nikamuuliza mgonjwa wetu alipewa nini.

"Uji, na mizizi ya kuogea," akasema. "Mwanzoni alilia sana. Baadaye akanyamaza mwenyewe."

Akanyamaza mwenyewe. Neno hilo nilitembea nalo siku nyingi. Mdogo wangu akarudi duarani, na sukari ikarudi.

Nilikuwa na mteja mmoja kutoka Tanga, mchimbaji mkongwe, mcheshi. Nikamsimulia yote, kuku na mbuzi wake. Hakucheka. "Mama, hiyo ni arosto. Mwili unadai ulichozoea. Dogo anavuta unga, heroini." Nikamkasirikia kana kwamba ndiye aliyeuleta. Halafu nikamwongezea mchuzi ili aendelee kusema, maana nilitaka kujua. Akanieleza kwamba chini kule magogo yanayozuia udongo hulia, na mtu anayasikia. Ukivuta, unayasikia vilevile, ila hujali. Siku hiyo niliunguza wali.

Mara ya pili mdogo wangu alipokuja nyumbani akitetemeka, baba alikuwa ameshafunga mbuzi kwenye mti na kuita ndugu. Mdogo wangu akajikokota hadi uani, akawaamkia wazee, akasema, "Baba, mfungue huyo mbuzi. Babu hana kosa. Mimi navuta unga."

Baba mdogo akainuka akaondoka. Mama akajifunika khanga usoni. Baba akabaki ameshika kamba ya mbuzi. Akauliza, "Ng'wana wane, mwanangu, sasa dawa yake iko wapi?"

Tukaenda zahanati. Muuguzi alitujibu bila kutuficha. Dawa ya kutuliza arosto hapa haipo, wilayani haipo. Ipo Mwanza, tena hubebi ukaenda nayo nyumbani, unainywa mbele ya mhudumu kila asubuhi.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Inaweza kuwa miaka."

Kutoka kwetu ukitaka kufika Mwanza unaondoka kwa giza na kufika jua limepinduka. Si safari ya kwenda na kurudi kila siku. Ilibidi ahamie huko, na kumwacha peke yake mjini, na unga uko jirani, muuguzi hakuona haja ya kutueleza mwisho wake. Baba akasema atakwenda naye. Ndugu wakamcheka: dawa gani ya kunywa kila siku na huponi? Akawajibu, "Ng'ombe wangu walikunywa jana. Leo wako wapi? Si kisimani?"

Wakapanga chumba kimoja Mwanza, kwenye kilima cha mawe. Nilipowatembelea nilimkuta baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika mwiko, amepika ugali wenye mabuja, na mwanawe anaula. Nilitoka nje nikalia kidogo. Jioni baba akanipa habari za foleni ya asubuhi, kama anayetoa salamu za ukoo: yule mrefu ni wa Kharumwa, yule wa Geita, wawili wale wametoka Bulyanhulu. "Wa kwetu ni wengi," akasema, akishangaa.

Mvua za kulimia zikafika. Baba akafunga mkoba, akaenda stendi, akakaa, basi likaondoka bila yeye. Akanipigia simu: "Nimeshindwa kumwacha. Bado mchanga." Mwaka ule hatukulima pamba wala mahindi. Shamba letu liko kando ya njia, na kwetu shamba kuota majani bila msiba ni tangazo. Kila apitaye alimuuliza mama kulikoni. Mama alidanganya weee, mpaka asubuhi moja akachoka.

"Mwanangu alikuwa anavuta unga. Anatibiwa Mwanza, baba yake yuko naye."

Nilisimama pale nikamwonea mama fahari.

Jioni yake akaja jirani yetu, mjane, mwanawe anachimba upande wa Bulyanhulu. Alikaa kwenye kigoda, akazungumzia mvua kwanza. Kisha akaniuliza polepole, "Wako alianza na sukari?"

"Ndiyo."

Nikamwambia yote: Mwanza, mhudumu, kila asubuhi, miaka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi ninayeulizwa. Alisikiliza huku akitazama majani yaliyoota shambani kwetu.

"Pale kwangu mimi ndiye mama na ndiye baba," akasema. "Nikikaa Mwanza, wale wadogo watakula nini?"

Swali lake nimemuuliza muuguzi. Nimemuuliza mwenyekiti wa kijiji. Namuuliza kila anayekaa kula kibandani kwangu.