Siku Wazee wa Mfereji Walipoipima Bangi

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaweza kuiacha nyuma, ingawa nimeacha nyuma mambo mengi na miji mingi. Ilikuwa masika, wakati wa Mwingereza, huko juu Sing'isi. Mvua ilikatika alfajiri, mawingu yakaachana, na Mlima Meru ukajitokeza wote, toka msituni hadi kileleni, karibu mno, hata nikahisi kwamba unanitazama. Nilisimama mdomo wazi. Kisha nikateremsha macho, nikaona maji yalivyofanya.

Nikueleze kwanza nilifikaje huko. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapo mjini Arusha, baba yangu fundi cherehani kutoka Kondoa. Shule niliiacha nikiwa darasa la nne. Si kwa ujinga, ni kwamba makalio yangu hayakuweza kukaa kwenye benchi wakati barabara inapita dirishani. Nilitaka kujua kila kitu: malori yanaenda wapi, nyuki wanalala saa ngapi, kwa nini Wameru wanapitisha mto mmoja katika mashamba ya watu wengi bila kupigana. Nikadandia lori la ndizi, nikashukia Sing'isi, nikapokewa katika nyumba ya Mama Anaeli. Nililima kahawa yao, nao wakanipa chakula na mahali pa kulala.

Mume wake, Baba Anaeli, alikuwa mgonjwa wa tumbo. Hospitali ya misheni walimrudisha nyumbani, wakasema wamefika mwisho wa dawa zao. Kitu pekee kilichompa usingizi kilikuwa majani ya bangi aliyoipanda mkewe nyuma ya zizi na kumchemshia jioni. Serikali ilikwisha kuipiga marufuku, na mtu akikutwa nayo anapelekwa boma, kwa Bwana Shauri, afisa wa Kiingereza wa wilaya. Majirani walijua, wakanyamaza, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mtu wao.

Mwana wao mkubwa, Anaeli, naye alikuwa akichuma ile ile bangi na kuivuta.

Sasa sikiliza desturi ya kule. Mfereji wa kunyweshea mashamba unatoka mtoni kwa mlango mmoja, na mlango huo wanauita banio. Wakati wa masika, anayekuwa na zamu lazima aende jioni kulifunga kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, mto usije ukaingia mashambani. Jioni ya kuamkia asubuhi ile, zamu ilikuwa ya Anaeli. Akaenda, akakaa chini ya jabali, akavuta, na banio likabaki wazi. Mto ukaingia. Ukachukua nyumba ya chini ya Mzee Yeremia, ukachukua ng'ombe na ndama wake, na mjukuu wa yule mzee, msichana mdogo, akaokotwa ameng'ang'ania mti wa kahawa, matope mpaka kinywani. Aliishi, Alhamdulillahi.

Huyo Mzee Yeremia ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji, yaani mwamuzi wa maji na magomvi yake. Watu wote wanaokunywa mfereji ule wakaitwa kukutana pale pale kwenye banio, kama ilivyo kawaida yao mtu anapoukosea mfereji. Mama Anaeli alibaki na mgonjwa wake, na Anaeli hakuthubutu kuja. Yeye akakataa kukaa kwenye jiwe lake. Alisema leo yeye ni mlalamikaji, hivyo waseme wengine. Akakaa pembeni, shuka lake bado limelowa.

Wakasema, mwanangu, na hadi leo nastaajabu jinsi walivyosema. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mzee mmoja wa kanisa alitaka mmea ule ung'olewe wote, na Mama Anaeli na mwanawe wapelekwe boma, kwa sababu nyumba inayoficha kitu cha haramu inaficha na hatari ya jirani. Mwingine, mzee mwembamba mwenye kikohozi, akauliza kama pombe ya ndizi haijavunja nyumba nyingi zaidi pale mlimani. "Basi na migomba nayo tuifunge kamba tuipeleke boma," akasema, "na wewe mwenyewe utangulie, maana jana nimekuona." Watu wakacheka, hata yule wa kanisa. Wengine wakakumbusha kwamba babu zao waliujua mmea ule kabla ya kumjua Bwana Shauri na sheria zake. Mama mmoja akajibu kwamba babu hao hawakuwapa watoto, na walioutumia walihesabika.

Mimi nikashindwa kunyamaza. Nikasimama, mgeni, kijana wa mjini, nikawaambia kwamba nimetembea, nimelala katika kambi za vibarua wa mashamba, nimeona watu wanafungwa kwa bangi ya kujaza kiganja na watoto wao wanabaki na njaa. Nikasema sheria ifutwe kabisa, kila mtu apande, auze, avute, mtu mzima aachiwe akili yake. Nilijiona nimesema vizuri sana.

Mzee Yeremia akainua kichwa. "Kijana, wewe unaondoka lini?"

Nikasema sijui, labda barabara ikikauka.

"Basi uhuru huu unaotugawia, wewe hutakuwepo. Sisi ndio tutakaobaki nao."

Hakusema kwa hasira. Lakini nilihisi masikio yanawaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kunigusa pale hasa nilipo, mtu wa kusema na kuondoka. Nikadhani amenimaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Akasimama, akanishika mkono kama mtu anavyomshika mtoto wake, akawaambia watu wangoje. Tukapanda kuelekea kwa Mama Anaeli.

Tangu mafuriko, yule mama alikuwa ameogopa kumchemshia mumewe. Tulipofika mlangoni nikamsikia Baba Anaeli ndani. Nilikwisha zoea kuugua kwake, lakini siku hiyo ilikuwa sauti nyingine, sauti ya mtu aliyeuma blanketi ili majirani wasisikie. Mzee Yeremia akasimama. Yeye na yule mgonjwa walitahiriwa pamoja, ni rika moja. Uso wake ulibadilika, mwanangu, sina neno la kuueleza.

"Mpe," akamwambia mama.

"Mzee, wataniweka ndani."

"Mpe. Leo mimi ndiye niliyesimama mlangoni."

Mama akawasha moto. Tukangoja hadi yule mgonjwa akaacha blanketi, mikono ikalegea, akalala. Mkewe akaketi chini akaegemea kitanda, naye akasinzia pale pale. Na mtu aliyepotewa na nyumba kwa sababu ya mmea ule, ambaye mjukuu wake bado alikuwa akikohoa matope, alisimama kizingitini akilinda usingizi wa watu wawili. Mlima ulikuwa nyuma yake. Sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Kisha akanivuta tena. "Umeona moja. Twende."

Akanipeleka alipokuwa Anaeli, katikati ya tope la iliyokuwa nyumba, koleo mkononi, halichimbi. Alikuwa kijana wa umri wangu, mcheshi, tena mwenye nguvu kunizidi. Mzee akamuuliza kwa upole kama jioni ile hakusikia mto.

"Nilisikia, baba mdogo," Anaeli akasema. "Nilisikia maji yanaingia. Niliona yanapendeza. Nikakaa kuyasikiliza."

Hakuna jibu lililowahi kunitisha kama lile. Laiti angesema alilala. Alikuwa macho, alisikia, na kile kilichopaswa kumwinua mbio kikamfurahisha. Akaanza kulia. Mzee Yeremia akamwondolea tope begani.

Tuliporudi kwenye banio, watu walimtaka yeye aamue, na safari hii hakukataa. Alisema bangi ising'olewe, wala isiachwe ovyo. Ihamishwe ubavuni mwa nyumba, izungushiwe masale, yale majani ambayo kule mlimani yanaweka mpaka na kuomba msamaha, na mtu haruki masale akabaki na heshima yake. Mama Anaeli peke yake aichume, kwa mgonjwa. Mwenye maumivu kama hayo aje kwa wazee, wampeleke kwa Mama Anaeli. Kijana asiguse. Anayeshika banio, au kitu chochote ambacho uhai wa wenzake umo ndani yake, asiguse. Anaeli ajenge nyumba upya, na asipewe zamu ya maji hadi wazee waridhike. Boma lisiambiwe.

"Na wakija?" akauliza yule wa kanisa.

"Watanikuta mimi."

Barabara ilikauka, nami sikuondoka. Nilikaa hadi masika mengine, nikachukua zamu ya banio katika nafasi ya Anaeli, ili angalau mara moja maishani nione mwisho wa neno nililolisema. Baba Anaeli alifariki wakati wa kuchuma kahawa, kimya, Mzee Yeremia amemshika mkono. Anaeli aliijenga ile nyumba, tena vizuri. Kuacha hakuacha upesi. Ziko siku aliruka masale, wazee wakamwita, akarudi, akaruka tena. Ilichukua miaka, na kicheko chake cha zamani sikukisikia tena. Nakwambia yote, nisije nikakupa upande mmoja.

Leo nasikia mnabishana ninyi vijana, bangi ihalalishwe kabisa au isihalalishwe. Nami nakuambia ninaloamini. Kumfunga kijana kwa msokoto mmoja ni kumharibu kuliko moshi utakavyomharibu, hilo lifutwe. Mgonjwa anayeuma blanketi asinyimwe, na anayempelekea asiitwe mhalifu. Mkulima naye, ikiwa analimia dawa, alime mchana, asiwe mateka wa walanguzi na wala rushwa. Hizo ni faida za kweli, na anayezikana hajawahi kusimama kwenye mlango ule. Lakini kuifungulia kabisa, iuzwe kila duka kama sigara, hapo mimi nasita. Muuzaji kazi yake ni kukufanya urudi kesho. Na akili ya kijana bado inajengwa, na dereva ana abiria, na nesi ana kitanda cha mtu. Kwa hiyo irekebisheni sheria, mwanangu, ila muiwekee mipaka na walinzi, na kabla hujasema neno lako kubwa mbele ya watu, kawatembelee wote wawili, aliyetulizwa na aliyeharibiwa. Ukae nao. Halafu ndipo useme, na ukishasema, usihame.

Mwenyezi Mungu akupe moyo unaosikia maumivu ya mwingine, na akili inayoamka unapohitajiwa. Akupe watu wa kukukosoa bila kukudhalilisha. Siku yako ya kuumwa ikifika, usimkose wa kukaa karibu nawe. Amin.