Pini za Mzee wa Nyuma

Kwenye karakana ya masweta walimwita Mzee wa Nyuma, na si kwa sababu alikuwa mchelewaji. Miaka ishirini na sita alishinda nyuma ya mashine kubwa ya kufuma, akiitunza, na mgeni akiingia aliona miguu tu. Mkewe, Mama Sweta, alikaa mbele na kuziangalia nyuzi. Nusu ya ndoa yao waliizungumza hawaonani, mashine ikiwa katikati. Kila mara kabla ya kuwasha, mume aligonga bati la mashine mara mbili, maana yake mikono imeshatoka. Mke alijibu, "Haya, baba," ndipo akabonyeza.

Ah, siku zile! Waligombana kupitia tundu za bati na kupatana kupitia tundu hizo hizo.

Mzee akafariki. Mwaka wa pili ikafa na kumfuata kompyuta iliyoiongoza mashine, yenye michoro yote ya masweta. Mwenye karakana hakuwa mtu mbaya, ila subira ilikuwa imemwishia: mashine isipofuma kufikia saa sita mchana, gari la chuma chakavu lingeichukua. Mama Sweta alimwambia wazi kwamba huko ni kumzika mume mara ya pili. Bwana yule alitazama viatu vyake, lakini gari hakulizuia.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho akaja binti yao, fundi wa kompyuta.

"Mama, yote yaliyokuwa kwenye ile ya zamani nimeyahamishia humu," alisema, akipapasa kompyuta mpya. "Sasa ni kompyuta pepe, inaishi ndani ya hii. Haina mwili."

"Kama marehemu."

"Mama, jamani! Sikiliza. Yenyewe inadhani bado ina pini zake nane za kuchomekea waya. Mimi naiambia pini yako ya kwanza ndiyo hii ya kweli hapa, ya pili ndiyo hii, halafu waya zinakwenda kwenye mashine. Namba kwa namba kutoka kushoto, kama daftari aliloacha baba linavyosema."

Pini nane za mashine zilipenya bati, safu moja, zikionekana mbele na nyuma. Namba zake zilikuwa zimefutika zamani. Binti akahesabu kutoka kushoto, akaunganisha, akawasha. Mashine kimya. Akakagua waya moja moja, akawasha tena. Kimya. Saa tano na nusu ikapita.

"Daftari lina makosa," alisema, jasho likimtoka.

"Koma! Baba yako alikoroma, alisahau chumvi sokoni, na kuimba hakujua. Kwenye daftari hakukosea." Mama Sweta akaitupia macho safu ya pini. "Wewe umehesabu ukiwa wapi?"

"Hapa hapa mbele. Kutoka kushoto."

Mama Sweta akacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. "Mwanangu, baba yako alikaa mbele lini?"

Binti akazunguka mbio. Kule nyuma, pini ya kwanza ya kushoto ndiyo iliyokuwa ya mwisho mbele. Akarudi kwenye kompyuta, na hakugusa hata waya moja: aliigeuzia kompyuta pepe orodha tu, ya kwanza ikawa ya nane, ya pili ikawa ya saba, hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Kweli penye wazee haliharibiki neno," alisema, akizunguka tena nyuma ya mashine kuangalia. "Washa, mama!"

Mama Sweta alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake. Chini ya mashine aliona miguu miwili. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Mama, saa sita hiyo! Unangoja nini?"

"Hujagonga."

Binti alikulia chini ya mashine ile, hakuhitaji kuuliza. Bati likalia mara mbili.

"Haya, baba," alisema Mama Sweta, na hakujisahihisha. Akabonyeza, na mashine ikaanza kufuma.