Mama Vipimo na Damu ya Namba Saba

Kwa miaka kumi na tisa Mama Vipimo alikuwa akitoboa vidole vya wakimbiaji. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini ya chuo: mashine ya kukimbilia katikati, mizani mlangoni, friji la sampuli, na kiti kimoja ambacho wakimbiaji walikidondokea wakihema. Yeye ndiye aliyewafunga mkanda wa kupima mapigo ya moyo, akawavika barakoa ya kupima pumzi, na kila baada ya dakika tatu akachukua tone la damu. Cheo chake kilikuwa fundi wa maabara, ila hakuna aliyemwita hivyo.

Bosi wake alikuwa Daktari, na tuelewane mapema, si wa kutibu. Ni daktari wa vitabu, msomi wa sayansi ya michezo. Tangu azaliwe hajampa mtu hata kidonge cha kichwa. Mwaka ule alitafiti jambo moja: mkimbiaji akipunguzwa uzito kwa wiki kumi na mbili, kasi yake inaongezeka kiasi gani? Wasichana kumi walijitolea, wakapewa namba badala ya majina, na kocha wao akawapangia chakula ambacho hata mgonjwa angekilalamikia. Majibu ya vipimo, Daktari na Mama Vipimo wakishayaona, yalifungwa kwenye bahasha mpaka wiki ya mwisho, ili msichana asijue hali yake akaanza kubadili mwenendo.

Namba Saba alikuwa kipenzi cha Daktari. Uzito wake ulishuka kuliko wa wenzake wote, na mpaka wiki ya sita kasi yake ilikuwa ikipanda. Mama Vipimo yeye alitazama kwingine. Kiwango cha damu ya msichana kilikuwa kimeshuka kutoka kumi na tatu hadi tisa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi hata ilibidi avisugue ndipo tone litoke. Kwenye fomu, alipoulizwa kama ameziona siku zake za mwezi, alijibu hapana kwa mara ya pili. Wiki ya nane alishuka kwenye mashine akichechemea.

"Mguu vipi, mwanangu?"

"Kawaida tu, mama. Kocha kasema ni uvivu unatoka."

Uvivu! Mtoto ana umri wa kitinda mimba wake, mifupa imemtokeza mabegani, halafu anaambiwa mvivu! Mama Vipimo hakuvua hata glavu. Alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Daktari.

"Daktari, huyu binti anaumwa. Damu imepungua, na mguu ule haupendezi. Aambiwe leo, aende hospitali."

Daktari hakubandua macho kwenye kompyuta. "Mama Vipimo, zimebaki wiki nne. Tukimwambia ataanza kula, na utafiti utaharibika."

"Ataanza kula?" alirudia, akidhani masikio yamemdanganya.

"Fomu ya kujitolea amesaini mwenyewe."

"Alisaini kukimbia. Hakusaini kuumia!"

Daktari akamwonyesha mlango, kwa adabu zote za wasomi.

Asubuhi iliyofuata mumewe, fundi seremala, alijaribu kumtuliza mezani. "Mke wangu, umebakiza miaka miwili ustaafu. Jitie hamnazo."

"Angekuwa wa kwetu, ungeniambia nijitie hamnazo?"

Mzee akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. "Basi vaa viatu," alisema mwishowe. "Unachelewa."

Siku hiyo alichana bahasha, akamsomea Namba Saba kila kipimo, kisha akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa wa mguu. Wiki moja zaidi ya mbio, mganga alisema, na mfupa ungekatika. Msichana alilia benchini, kisha akafuta uso na kumtazama.

"Mama, damu yangu ilianza kupungua lini?"

"Wiki ya nne."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

Hasira zote ambazo Mama Vipimo alimbebea Daktari zilimgeukia mwenyewe. Kwa wiki nne zaidi alikuwa amemtoboa kidole mtoto huyu, akamwambia hongera, akaandika, akafunga bahasha.

Jumatatu alikuta fomu imewekwa juu ya mizani, tayari imejazwa kwa mwandiko wa Daktari: Namba Saba amejiondoa kwa hiari yake. Chini kulikuwa na nafasi ya saini ya fundi wa maabara. Mama Vipimo alipiga mstari juu ya maneno yale, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akaandika:

"Hakujiondoa. Tulijua anaumwa tangu wiki ya nne, tukanyamaza mpaka ya nane. Na mimi nilinyamaza."

Akasaini.