Sofa zimekuja na wenyewe

Jamani, niko bafuni kwangu na siwezi kutoka. Nishaurini.

Nilipohama Mwanza kuja Eldoret nilipanga nyumba yenye fenicha zake, hapa Munyaka. Kumbe mama mwenye nyumba amebaki na ufunguo, na kikundi chake cha maombi kimezoea kukutana kwenye zile sofa!

Leo wameingia nikiwa naoga. Nina taulo moja tu, na chumba changu kiko upande wa pili wa sebule.

Wako wimbo wa tatu.

Sasa mama anaomba: "Baba, huyu mgeni wetu wa Tanzania asiskie upweke."

Upweke!

Mara kitasa kikatikiswa. "Kuna mtu huko ndani?"

Kwa woga nikajibu, "Amina!"

Sebule nzima ikaitikia.