Maneno ya Shaibu kwenye Kaburi la Fulgensi

Pale Mbekenyera, mtani hakasirikiwi. Atakuvua kofia njiani aondoke nayo. Atakukuta unakula, atavuta sahani. Ukifiwa, ndiye anayefika mapema, anavaa nguo za marehemu na kumwiga alivyotembea na alivyokohoa, mpaka wafiwa wenye macho mekundu wanajikuta wanacheka. Shaibu aliifanya kazi hiyo miaka mingi, na hakuwepo aliyemfikia. Wakristo walimwita, Waislamu wenzake walimwita. Kaburi ni kaburi.

Ukoo wake na ukoo wa Fulgensi walikuwa watani tangu mababu. Kila Shaibu alipopita kwenda kwenye mikorosho yake, Fulgensi alipaza sauti kutoka kibarazani:

"Jamani, fungieni kuku, mwizi anapita!"

"Kuku gani? Nyie mliomuuza bibi yenu kwa kibaba cha chumvi!"

Koleta, mke wa Fulgensi, aliyekuwa mtani kwa kuolewa, alikuwa akiegemea mchi na kucheka mpaka kanga imlegee.

Halafu vita vya Gaza vikafika kwenye redio ya mgahawa. Siku moja mtangazaji aliwauliza wasikilizaji: nchi yetu isimame upande gani? Pale mgahawani kila mtu alijibu, na kwa jibu lake tu ulijua anasali wapi. Fulgensi, aliyekuwa amehamia kwa walokole, aliweka kikombe chini.

"Imeandikwa, atakayeibariki Israeli atabarikiwa. Serikali isitutafutie laana, mvua zikakata, ufuta ukatukaukia."

"Na dhalimu naye anabarikiwa?" Shaibu akauliza. "Mimi ningekuwa waziri, ubalozi wao ningeufunga leo."

"Wewe waziri? Waziri wa kuiba kuku?"

Watu walicheka. Shaibu, kwa mara ya kwanza, hakucheka. Kwenye simu ya Masoudi, mwenye duka, alikuwa ameona watoto wakitolewa kwenye vifusi, na Ijumaa msikitini ilisomwa dua iliyomliza. Aliokuwa na hasira nao walikuwa mbali, hawezi kuwafikia. Aliyekuwa karibu ni Fulgensi, na kibendera cha Israeli alichokifunga kwenye usukani wa baiskeli.

Haukupita muda, Fulgensi akaanguka shambani kwa presha, asiamke tena.

Shaibu aliitwa. Alivaa koti la marehemu, akaipanda baiskeli yake, akazunguka uani kwa mwendo ule wa kuyumba kama anayetafuta pazuri pa kuangukia. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Makaburini akakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani.

"Simamisheni! Huyu hazikwi hapa. Nchi yake ina bendera, wote mmeiona. Msafirisheni Israeli!"

Wakacheka tena. Angeishia hapo, ungekuwa utani. Akaongeza:

"Akazikwe na wenzake wanaoua watoto."

Kicheko kikakatika. Mchungaji akainamisha uso. Kisha Koleta akacheka, peke yake, kicheko kikavu cha mtu anayetimiza sheria. Shaibu alinyanyuka, akajipangusa udongo, akaenda kusimama nyuma ya watu wote. Alijua pale pale kwamba amevuka mpaka.

Nyumbani alikuwa anamega ugali na kuurudisha.

"Si ulikuwa utani, baba Rahimu?" mkewe Hajra alimwambia. "Mtani hana kosa."

Maneno hayo aliyashikilia, yakamsaidia kidogo, mpaka siku alipopita dukani na Masoudi akamshika mkono kwa furaha. "Mzee, siku ile uliwapa ukweli wao!" Shaibu alihisi amekamatwa. Tangu lini mtani akapongezwa kwa kusema ukweli?

Ikabidi aende. Alimkuta Koleta anapepeta ufuta.

"Hodi hapa kwa mlafi," alianza kwa mazoea.

"Karibu, mwizi wa kuku." Akamsogezea kigoda.

Hakukaa. "Mama, yale maneno ya makaburini. Sikuwa natania."

Ungo ukatulia. "Nilijua."

"Mbona ulicheka?"

"Nilicheka ili watu waamini unatania. Wajukuu walikuwepo. Ningelia, wangejua babu yao ametukanwa kaburini." Alipuliza makapi. "Fulgensi hajaua mtoto wa mtu, Shaibu. Hiyo Israeli yenyewe tumeikuta kwenye Biblia. Wewe ulikuwa unamwona kila siku. Ulimwona muuaji?"

"Sikumwona. Hasira tu. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alisema upesi, kama anayempa mpita njia maji. "Lakini mtani haombi msamaha. Anayeomba msamaha ni mtu mwingine."

Shaibu hakulielewa vizuri neno hilo mpaka alipofariki dada yake mkubwa, Biasha, mwanamke mkali, mwenye kelele, aliyekuwa akifukuza watoto kwa mwiko. Msiba wa mtu kama huyo ungepata mtani hodari, watu wangeuzungumza miaka. Tangu asubuhi Shaibu alitega sikio uani. Alitamani Koleta aingie na kanga ya Biasha, ashike mwiko, awatukane wote. Alitamani atukanwe yeye.

Koleta alikuja. Alivua ndala mlangoni, akampa mikono yote miwili.

"Pole sana, baba Rahimu. Mungu awatie nguvu."

Akaenda kukaa na wanawake, akaanza kuchambua mchele. Vijana wa ukoo wa Fulgensi, waliokuja wakiwa tayari kutania, walimtazama. Alipoketi kimya, nao wakaketi.

Biasha akazikwa bila mtu kumwiga. Njiani kurudi, Masoudi alisema yalikuwa mazishi ya heshima.

"Ndiyo," Shaibu akajibu. "Heshima tupu."